Kadi za Neno Pungufu

Machi 3

Mdogo wangu Kasuku,

Kama barua hii imekukuta macho yanafumba, iweke chini ulale. Mtu mwenye mtoto wa wiki tano akipata nafasi hasomi barua. Isome kesho.

Mimi mzima. Ofisini tumefika mwishoni mwa herufi P na tumekwama kwenye neno pungufu. Unamjua bosi wetu Nukta, hawezi kumaliza jambo bila kuliwekea nukta, lakini safari hii nukta haiwekeki. Leo ni siku ya nne tunabishana. Yeye anasema pungufu ni sawasawa na haba, tuandike mstari mmoja kwenye kamusi tusonge mbele. Mimi nimekataa. Kitu kinaweza kuwa haba chenyewe tu, mvua ni haba, basi, imekwisha. Lakini hakuna kitu kilicho pungufu peke yake. Lazima kwanza pawe na kipimo, mtu aseme kilitakiwa hiki, kilichopo ni hiki, kimepelea hapa. Bila kipimo, pungufu ni tusi tu. Nukta amenitazama juu ya miwani akasema tusubiri mifano.

Sasa mifano ndiyo kazi yako. Kanuni unaijua, mhariri haruhusiwi kujitungia sentensi, lazima itoke kwa msemaji wa nje na iandikwe kwa mkono wake kwenye kadi yetu. Tumewaomba watu, zimerudi kadi ishirini na tatu, na kumi na tisa kati yake ni haba na haba hujaza kibaba, ambamo hata neno lenyewe halimo. Wewe hujawahi kuniangusha. Nakutumia kadi saba tupu. Maneno yasizidi kumi na mawili kwa sentensi, tafadhali, najua mdomo wako.

Na makubaliano yetu ni yale yale, kadi ni ya ofisi, barua ni yangu. Sijasahau ile kadi ya kupooza. "Mguu wangu wa kulia umepooza tangu Jumatatu," ukaandika, na mimi mjinga nikaomba ruhusa, nikakaa kwenye basi kutwa nzima, nikakukuta na tumbo la miezi mitano unakanyaga cherehani kwa mguu huo huo, unacheka mpaka unashika ukuta. Kabla ya hapo kwenye M ulimuua shemeji mara tatu, kwa mamba, kwa mnara kumwangukia, na kwa mshale, sijui siku hizi nani anatembea na mishale. Naye yupo, anakula na kunenepa. Kwa hiyo ukiwa na jambo la kweli liandike kwenye barua. Kadi siziamini tena.

Nibusie Bonge. Kilo tatu na nusu si mchezo, baba yake jina amelipatia. Mwambie mama yake mkubwa anakuja kumbeba kamusi ikiisha, mwezi wa sita.

Dadako

*

Machi 13

Dada yangu mpenzi,

Hatujambo sote. Shemeji yako amerudi kambini, barabara yao imefika kwenye mawe na sasa anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, ananuka lami, analala siku mbili, anaondoka. Mama mkwe amekuja kunisaidia. Amechukua kitanda kizuri. Mimi na Bonge tuko chumba cha mbele pamoja na cherehani, nafungua macho naona sketi za shule arobaini na mbili zinaningoja, zote bluu.

Mama mkwe si mbaya, usinielewe vibaya. Anafua, anapika, anafagia mpaka nje kwa jirani. Ila amenyonyesha watoto tisa na wote wako hai, na hilo nalisikia kabla ya chai na baada ya chai. Ziwa lake la kushoto peke yake lililea mapacha. Jana alimweleza mpaka mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Bonge ni mtoto mpole. Ana macho makubwa, ananitazama kama mteja anayesubiri nguo yake. Nimechoka kidogo lakini ni uchovu wa kawaida wa wazazi, kila mtu ananiambia hivyo.

Kadi zako hizi, tatu kwa kuanzia. Usinikemee kwa urefu.

Mama Bonge (bado nafurahi kuliandika)

[Kadi] Kitambaa ulicholeta ni pungufu, sketi itakuwa fupi.

[Kadi] Viti vilikuwa pungufu, wageni wengine wakasimama.

[Kadi] Mtoto alizaliwa na kilo tatu na nusu, na sasa, baada ya wiki sita, nesi ameandika kwenye kadi yake ya kliniki kwamba uzito ni pungufu.

*

Machi 22

Kasuku,

Nakukemea kwa urefu. Kadi ya tatu ina maneno ishirini na manne, nimeyahesabu mara mbili, hiyo ni kanuni mara mbili. Nimeikata hivi: "Nesi ameandika kwamba uzito wa mtoto ni pungufu." Umeona? Haijapoteza kitu. Kilo za kuzaliwa si kazi yetu, wiki sita si kazi yetu. Lakini nimeipenda sana maana kuna mtu amepima, kuna mizani hapo ndani, ndicho nilichokuwa nampigia Nukta kelele. Nimempelekea akaisoma, akasema "hm." Kwake hiyo ni pongezi.

Nilicheka lakini. Shemeji amepumzishwa, sasa ni zamu ya Bonge. Maskini ya Mungu, hata miezi miwili hajafikisha umeshamkondesha. Akikua nitamwonyesha ukurasa nimwambie ona mama yako alivyokufanya.

Barua yako haikuniambia anaongezeka vipi. Umeniambia macho tu. Nadhani unamficha nisije nikamwonea kijicho, na kweli nina kijicho, miaka sita tumekungojea. Mpime kwa ile futi yako ya kushonea unitumie vipimo nimnunulie kofia.

Na huyo mama mkwe mpuuze. Wote wako hivyo, wanakumbuka ushindi tu. Unywe maji ya kutosha.

Nimebakiwa na nafasi ya mifano ya upungufu na kupungukiwa. Una kadi nne bado. Changamka.

Dadako

*

Aprili 1

Dada,

Hatujambo. Bonge hajambo. Analala sana siku hizi, nyumba imekuwa kimya, majirani wanasema nina bahati.

Sketi za shule nimezirudisha, kumi na nane sikuzigusa kabisa, nimewaambia watafute fundi mwingine. Usishtuke, ni kwa sababu ya muda tu. Kutwa nzima nimekaa naye kifuani. Mama mkwe ananiletea vitu vya moto ninywe, kikombe juu ya kikombe, tumbo langu likitikisika linasikika mpaka chumba cha pili.

Nesi amesema nimnyonyeshe zaidi, nisimpe kitu kingine chochote mpaka miezi sita. Namnyonyesha zaidi. Nilipima kama ulivyosema. Kofia usinunue kwanza, mtoto anabadilika.

Sina mengi. Kadi ndizo zimejaa.

Mama Bonge

[Kadi] Paja lake lilikuwa inchi saba, leo ni tano na nusu.

[Kadi] Maziwa yangu ni pungufu kwa mtoto mmoja.

[Kadi] Sasa anapungukiwa hata na sauti ya kulia.

[Kadi] Mama mkwe amesema mbele za watu kwamba mimi ni pungufu.

*

Aprili 12

Mdogo wangu,

Umenipa sifa ofisini. Kikao cha juzi Nukta alichukua kadi zako akazisoma moja moja kwa sauti. Ile ya inchi tumeiacha, ni nzuri lakini neno letu halimo, nawe ulisahau. Ya kupungukiwa sauti imebishaniwa, mwenzangu wa meza ya dirishani anasema ni ya kishairi mno, watu hawasemi hivyo. Ya mama mkwe nimeisimamia kwa nguvu zote, maana ni yale matumizi ya tusi niliyokuwa nayasema. Amekuita pungufu, je, amekupima kwa kipimo gani? Hapo Nukta alikubali kwamba pungufu na haba si kitu kimoja. Umenishindia ubishi wa mwezi mzima.

Na ya maziwa imepita bila swali. Hiyo ndiyo itakuwa mfano wa kwanza chini ya neno, imeshakwenda kupangwa. Maneno saba tu. Nukta aliisoma mara mbili. Alivua miwani akaniuliza, "Huyu mtu wako yuko salama?" Nikamsimulia habari ya mguu wa kulia, na mshale, na mamba. Watu walicheka mpaka mpiga chapa akaja kuchungulia mlangoni. Nukta hakucheka sana, lakini yule hata siku ya harusi yake nadhani hakucheka.

Sasa nakuomba, mwache mtoto wa watu apumzike. Kadi nne na zote ni yeye. Kamusi inataka dunia nzima, haiwezi kukaa chumba kimoja. Nipe mvua, nipe wachezaji, nipe mwalimu mwenye chaki pungufu. Nakuwekea kadi moja ya mwisho, ya kitenzi chenyewe, kupungua, maana kurasa zote za P zinaingia mitamboni mwisho wa mwezi na baada ya hapo hakuna anayeweza kugusa hata herufi.

Barua yako ilikuwa fupi. Najua, umechoka. Lakini usiniibie barua ukampa Nukta maneno yote. Mimi ndiye dada.

Dadako

*

Aprili 19

Dada,

Hatujambo. Baba Bonge anarudi kesho.

Kasuku

[Kadi] Kila asubuhi anapungua, na sina mtu wa kumwambia.

*

Aprili 28

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Kadi yako ilifika jana. Nikaigonga mhuri, nikaitia kwenye boksi. Nukta ndiye aliyeitoa. Akazitafuta na zile nyingine, akazipanga mezani kwa tarehe, akazisogeza kwangu, akasema soma. Nikaanza kusoma kama mhariri. Nilipofika ya paja nikaiweka kadi mezani.

Kisha nikaenda kwenye mkoba nikatoa barua zako. Hatujambo, hatujambo, hatujambo. Nilikukasirikia, nakwambia kweli, nilisimama katikati ya ofisi nimekukasirikia kwa hilo neno. Halafu nikaiona kadi niliyoikata kwa kalamu nyekundu. Ulikuwa unaniambia mtoto anakwisha, na mimi nikahesabu maneno. Nikakuambia kilo zake si kazi yetu. Nimejaribu tangu jana kutafuta namna ya kujitetea na sijaipata. Ulinidanganya mguu mara moja, nikaona hiyo ni ruhusa ya kutokusikiliza tena maisha yako yote.

Sasa sikiliza. Mchukue mtoto sasa hivi, leo, hata kama amelala, mpeleke hospitali kubwa. Siyo kliniki. Hospitali. Usimsikilize mama mkwe, usimsikilize yule nesi, na mimi usinisikilize yote niliyoandika huko nyuma. Wakikuambia subiri, kaa mlangoni pao upige kelele, una mdomo, tumia mdomo. Wakitaka apewe maziwa ya kopo apewe. Hakuna aibu yoyote ndani yake, na atakayekuambia ipo mlete kwangu.

Basi la leo limejaa hadi ngazini, nimemsihi kondakta nikashindwa. Nina tiketi ya keshokutwa. Barua hii nampa dereva mkononi, ameniahidi atakutafuta mwenyewe, nimemchorea njia mpaka kwenye mlango wa bluu. Mwambie neno moja tu arudi nalo. Neno lolote. Ila usiniambie hamjambo.

Nisamehe baadaye. Kwanza nenda.

Dadako

*

Aprili 29

Dada,

Dereva amefika mchana, yuko barazani anakunywa maji. Anarudi huko saa kumi. Nimemwambia anisubiri, amesema atasubiri tu, hataki hata kunitazama. Naandika haraka ili barua ikukute kabla hujapanda basi.

Bonge alikufa Ijumaa asubuhi. Tulimzika jioni ile ile.

Baba yake aliporudi siku ile ya ishirini alimfunua kanga, akamfunika, akatoka nje kutafuta gari. Tulikaa hospitali siku tano. Sikukuandikia kutoka kule kwa sababu siku mbili za kwanza nilidhani nitakuandikia habari njema.

Daktari alikuwa mtoto wa kike, mdogo kuliko mimi. Hakuniuliza kitu. Alivaa glavu akamtia Bonge kidole mdomoni, akakiacha humo kidogo, kisha akainua ulimi akanionyesha. Chini ya ulimi kulikuwa na kigozi chembamba kimeushika mpaka mbele kabisa. Akasema mtoto huyu hakuweza kuvuta. Alikuwa anashika ziwa anameza mate na matone. Kelele zake zote, kuchoka kwake, kulala kwake, ni hicho. Akasema hukatwa kwa mkasi, mara moja, damu hata haijazi pamba. Dada, mimi nina mikasi mitatu ndani ya nyumba hii. Nesi alimweka kwenye mizani mara nne na hakuna siku aliyomfungua mdomo. Na mimi sikufungua. Nilipima paja, nilipima mkono, nilipima kichwa, mdomo sikuutazama, maana nilishajua kosa liko wapi. Nilikuwa nimeambiwa.

Walikikata siku ile ile. Lakini alikuwa ameshaingiwa na homa ya mapafu na mwili haukuwa na akiba ya kupigana nayo. Walimpitishia maziwa kwa mpira wa puani. Nesi wa wodini akaniletea kikombe akanifundisha kukamua, kila baada ya saa tatu, akaniambia ziwa likikamuliwa hujaa, lisipovutwa hulala. Siku ya kwanza yalitoka kama mama mkwe alivyosema, hayakufunika hata kitako cha kikombe. Siku ya tatu nilijaza kikombe. Siku ya nne vikombe viwili, mpaka nesi akawa anampa mama mwingine. Ijumaa alipokufa kulikuwa na kikombe pembeni ya kitanda kimefunikwa kwa kisahani. Nilikuwa nimekikamua dakika ishirini kabla.

Umenikasirikia kwa sababu nilikuandikia hatujambo. Miaka sita nimeitwa majina kwa kutozaa, na nilipozaa nikashindwa kulisha. Ningeliandikaje hilo juu ya karatasi yenye jina lako? Kwenye kadi mkono ulikwenda, kwa sababu kadi ni za mtu yeyote. Nilijua huziamini. Nadhani nilikuwa nataka uijue bila mimi kukwambia, na hilo si jambo la haki kumtakia mtu. Usijibebeshe yote. Jibebeshe sehemu yako, ipo, siwezi kukudanganya tena, lakini si yote.

Mama mkwe hawataji tena wale tisa. Tangu tuzike hajakaa mezani. Jana aliingia chumba cha mbele akanifunga kitambaa kifuani, akakaza kwa mikono yake, amewafunga wengi anajua. Hakikusaidia. Mtoto wa jirani akilia tu kinalowa, na leo nimebadilisha nguo mara tatu. Naandika nimeweka karatasi mbali na kifua.

Njoo kama tiketi unayo. Sina la kukuzuia wala la kukupokelea. Baba yake amerudi kambini, amesema kule angalau kuna mawe ya kupasua.

Ila kabla hujaondoka pitia kwa mpiga chapa. Najua umesema hakuna anayeweza kugusa herufi baada ya mwisho wa mwezi, lakini leo bado ni ishirini na tisa. Ile kadi ya maziwa iondoe. Si kwa ajili ya machozi, zile nyingine ziache zote, ni kweli nesi aliandika, na ni kweli mama mkwe alisema mbele za watu. Hiyo moja ndiyo si kweli. Uliniambia lazima mtu apime kwanza, na hakuna aliyepima mpaka nilipopewa kile kikombe. Maziwa yangu hayakuwa pungufu. Yalikuwa yanamtosha.

Mdogo wako